Farasi Elfu Mbili na Jina la Bwana

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zaburi 20, Kumb. 17:14–20, 2 Fal. 18:13–25, 2 Fal. 19:14–19, 2 Nya. 32:1–8, 30, 31, Isa. 22:8–11, Zaburi 44.

Fungu la Kukariri: Zaburi 20:7.

Mwaka 701 K.K. majeshi ya Ashuru yalikuwa yameenea katika nchi ya Yuda. Katika kumbukumbu zake mfalme Senakeribu alijisifu kwamba aliteka miji 46 yenye ngome. Mji wa Yerusalemu ulikuwa bado haujaanguka. Amiri wake akasimama nje ya ukuta, akanena kwa Kiyahudi kwa sauti kuu ili hata watu waliokaa ukutani wamsikie. Pia alitoa ahadi ya dhihaka: Ashuru ingempa Hezekia farasi elfu mbili, kama tu angeweza kupata watu wa kuwapanda (2 Fal. 18:23).

Dhihaka ile iliuma kwa sababu haikuwa mbali na ukweli. Kwa hesabu ya kijeshi, Yuda ilikuwa imekwisha.

Juma hili linaangalia zaburi ambayo watu wa Mungu waliiomba katika saa kama hiyo. Swali lake si kama Mungu ana nguvu kuliko farasi. Hilo kila mshiriki wa Shule ya Sabato angelijibu bila kufikiri. Swali gumu zaidi ni hili: mwamini afanye nini na farasi alio nao? Je, kumtumaini Mungu ni kuweka vifaa chini na kukaa? Na kama sivyo, mtu atajuaje kwamba tumaini lake limehama, limetoka kwa Mungu na kuingia katika mshahara, cheo, au ndugu mwenye nafasi?

JUMAPILI: Ombi Kabla ya Vita

Soma Zaburi 20. Ni nani anayeombewa, na anakaribia kufanya nini?

Zaburi hii ni ombi la taifa kwa ajili ya mfalme anayekwenda vitani. Watu wanamwombea ajibiwe siku ya dhiki, sadaka zake zikumbukwe, na mashauri yake yatimizwe. Jambo la kwanza la kuangalia ni kwamba hakuna anayemwambia mfalme abaki nyumbani. Mashauri anayo, nayo yanaombewa. Jeshi lipo. Hakuna mahali ambapo zaburi inafundisha kwamba imani ni kukataa kupanga.

Ndipo linakuja fungu la 7. Pale wengine wanapotaja magari ya vita na farasi, Israeli wanalitaja jina la Bwana. Neno la Kiebrania lililotumika hapo lina mzizi wa kukumbuka. Linahusu kile kinachokuja moyoni na kinywani mtu anapobanwa. Yeyote anaweza kuwa na farasi zizini. Zaburi inauliza ni jina gani analolitaja usiku, hofu inapomwamsha.

Angalia pia kwamba zaburi haikuweka silaha kubwa zaidi mbele ya silaha. Mbele ya magari iliweka Jina. Gari la vita huonekana, huhesabika, na hulinganishwa na la adui. Jina haliwezi kuhesabiwa, linaweza kuitwa tu. Ndiyo maana kutumaini ni kugumu. Moyo wa mwanadamu hutulia upesi mbele ya kile unachoweza kukihesabu.

JUMATATU: Farasi wa Misri

Soma Kumbukumbu la Torati 17:14–20. Kwa nini Mungu alimkataza mfalme wa Israeli kujiongezea farasi?

Sheria hii haisemi kwamba farasi ni najisi. Inaonyesha njia ambayo farasi humpeleka mfalme, nayo ni njia ya kurudi Misri. Farasi wengi walitoka huko, na anayewataka hana budi kujenga urafiki na nyumba ile ya utumwa ambamo Mungu aliwatoa watu wake.

Daudi alipomshinda Hadadezeri wa Soba, aliwakata mishipa farasi wa magari, akabakiza wa kutosha magari mia moja tu (2 Sam. 8:4). Sulemani alikwenda njia nyingine. Alikusanya magari 1,400 na wapanda farasi 12,000, na gari moja kutoka Misri lilimgharimu shekeli 600 za fedha, farasi mmoja 150 (1 Fal. 10:26, 29). Lakini ufalme ule wenye magari mengi ulipasuka vipande viwili mara tu baada ya kifo chake, na hakuna gari lililouunganisha.

Karne mbili na zaidi baadaye, nabii Mika aliutaja mji wa Lakishi pamoja na magari yake, akauita mwanzo wa dhambi kwa Sayuni (Mika 1:13). Lakishi ulikuwa miongoni mwa miji iliyoangushwa na Senakeribu. Picha za kuanguka kwake zilichongwa katika jumba lake huko Ninawi, nazo zipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Uingereza, London. Zinaonyesha njia za mteremko za kupandia ukuta, watu wakitoka langoni, na familia zikiongozwa uhamishoni.

Kwa hiyo alama ya kwanza ya tumaini lililohama ni gharama yake. Msaada ambao mtu hawezi kuupata ila kwa kurudi Misri umekwisha kuwa bwana wake.

Je, kuna msaada unaoutegemea leo ambao unakudai urudi mahali ambapo Mungu alikutoa?

JUMANNE: Dhahabu ya Milangoni

Soma 2 Wafalme 18:13–17. Hezekia alijaribu kujiokoa kwa njia gani, na matokeo yalikuwa nini?

Hezekia anasifiwa kwamba hakuna mfalme wa Yuda aliyemtumaini Bwana kama yeye (2 Fal. 18:5). Mafungu machache tu mbele, mtu huyohuyo anatuma ujumbe kwa Senakeribu akikiri kosa na kukubali kulipa. Anatozwa talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu. Hazina ya mfalme haikutosha. Ndipo akaibandua dhahabu iliyokuwa juu ya milango ya hekalu, dhahabu ambayo yeye mwenyewe aliiweka.

Fungu hilo halipaswi kusomwa haraka. Hapa yupo mwamini wa kweli, aliyefungua tena hekalu na kuirudisha Pasaka, akisimama mbele ya milango ya nyumba ya Mungu na kuivua dhahabu yake kwa hofu ya mwanadamu. Hakumkana Mungu. Hakuabudu sanamu. Alifanya lile ambalo lilionekana kuwa la busara: kulipa kidogo ili kuokoa kingi.

Na Senakeribu alipokea malipo, kisha akaleta jeshi vilevile.

Hivi ndivyo tumaini linavyohama kwa watu wa Mungu. Mara nyingi halihami kwa uasi wa wazi. Mtunza ghala anaombwa na mkubwa wake atie sahihi kwamba mifuko mia imepokelewa, ingawa imefika themanini. Ana watoto shuleni. Anajiambia kwamba sahihi moja haiharibu imani yake, na kwamba kazi hii ni baraka ya Mungu. Lakini ili kuilinda baraka, ameanza kubandua dhahabu milangoni. Mwezi ujao ataombwa tena, kwa maana anayelipwa kwa hofu hurudi.

Hii ni alama ya pili. Kitu ambacho mtu yuko tayari kutenda dhambi ili asikipoteze, hicho ndicho anachokitumaini, hata kama kinywa chake kinalitaja jina la Bwana kila Sabato.

JUMATANO: Mfereji na Aliyeufanya

Soma 2 Mambo ya Nyakati 32:1–8, 30 na Isaya 22:8–11. Matendo yanayofanana yanaelezwaje katika sehemu hizi mbili?

Hezekia alijenga upya ukuta uliobomoka, akatengeneza silaha na ngao, akaziba chemchemi zilizokuwa nje ya mji, na kuyaleta maji ya Gihoni ndani. Mfereji wake uliochimbwa chini ya mwamba una urefu wa takriban mita 533, na watu bado hupita ndani yake. Mwaka 1880 yaligunduliwa ndani yake maandishi ya Kiebrania yanayoeleza jinsi wachimbaji walivyotoka pande mbili, wakasikiana sauti kupitia mwamba, wakakutana katikati.

Biblia inaiandika kazi hiyo kati ya mambo aliyofanikiwa. Tena, baada ya kujenga na kuziba, mfalme aliwakusanya watu na kuwaambia kwamba adui ana nguvu za kibinadamu tu, bali wao wanaye Bwana wa kuwasaidia (2 Nya. 32:7, 8). Mikono iliyochoka kwa kuchimba haikuona aibu kusema kwamba tumaini liko kwa Mungu.

Isaya naye anauzungumzia mji wa Yerusalemu unaojiandaa kwa namna iyo hiyo: silaha zinakaguliwa, nyumba zinabomolewa ili kuimarisha ukuta, maji yanakusanywa. Hakemei ukuta wala maji. Anakemea kwamba katika shughuli yote hakuna aliyeinua macho kumtazama yeye aliyeyapanga hayo tangu zamani. Kazi ni zilezile, na tofauti ni macho.

Hapa ndipo swali la mwanzo linapopata jibu. Imani haikumwambia Hezekia aache kuchimba. Mgonjwa anayeomba na kumeza dawa hajagawanya tumaini lake, na mkulima anayepanda mbegu bora hajamsahau anayeleta mvua. Chemchemi ya Gihoni ilikuwa ikitoa maji kabla mchimbaji yeyote hajainua nyundo. Mfereji uliyaongoza maji ambayo haukuyaumba.

Kisha barua ya vitisho ilipokuja, Hezekia alipanda nayo mpaka nyumbani mwa Bwana, akaikunjua mbele zake (2 Fal. 19:14). Mtu aliyekuwa ameichukua dhahabu ya hekalu akampelekea adui, sasa aliichukua barua ya adui akaileta hekaluni. Huko ndiko kutubu.

ALHAMISI: Ushindi Usipoonekana

Soma Zaburi 44. Watu hawa wanasema nini kuhusu upinde wao, na ni nini kilichowapata?

Usiku ule malaika wa Bwana aliwapiga Waashuri 185,000, na Senakeribu akarudi Ninawi (2 Fal. 19:35, 36). Ingekuwa rahisi kufunga somo hapo. Lakini kitabu cha Zaburi hakifungi hapo.

Katika Zaburi 44 watu wanasema kwamba hawakuutumaini upinde wala upanga wao (fungu la 6). Walifanya lile ambalo Zaburi 20 inafundisha. Hata hivyo walishindwa, wakatekwa, wakatawanywa kati ya mataifa, na wanasisitiza kwamba hawakumsahau Mungu (mafungu ya 9–18). Zaburi haiwakemei kwa kusema hivyo, wala haiwatafutii dhambi iliyofichika. Inawaacha wamlilie Mungu kwa sauti.

Zaburi hii inalinda kanisa dhidi ya kosa la hatari: kulifanya jina la Bwana kuwa gari jingine la vita. Anayemtumaini Mungu kwa sababu tu Mungu hushinda daima kwa namna anayoitaka yeye, bado anatumaini ushindi. Ndugu atakayekataa kutia sahihi ya uongo huenda akafukuzwa kazi. Kanisa lisimwahidi vinginevyo, na wala lisimwache peke yake siku hiyo.

Mtume Paulo alilichukua fungu la 22 la zaburi hii na kuliweka katika Warumi 8:36, katikati ya maneno yake kwamba hakuna kitu kitakachowatenga waamini na upendo wa Mungu katika Kristo. Na Kristo mwenyewe, aliyeweza kuita majeshi ya malaika (Mt. 26:53), hakuwaita. Alilitaja jina la Baba msalabani, na jibu lilikuja siku ya tatu.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 2 Wafalme 20:12–19 pamoja na 2 Mambo ya Nyakati 32:25, 31. Wajumbe wa Babeli walipofika kwa Hezekia, aliwaonyesha fedha, dhahabu, manukato na nyumba ya silaha. Hakuna kitu ambacho hakuwaonyesha, ila masimulizi hayataji neno lolote alilosema juu ya Mungu aliyemponya. Alipokuwa amezingirwa alilitaja Jina, na alipostarehe alitaja hazina. Huenda jaribu la kutumaini nguvu za kibinadamu likawa kali zaidi siku ambayo ghala limejaa kuliko siku ambayo adui yuko langoni.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, tofautisheni kati ya kutumia msaada na kuutumaini. Ni alama zipi mbili au tatu zinazoweza kumsaidia mtu kujipima?

2. Mshiriki mwenzenu amepoteza kazi kwa sababu ya kukataa kusema uongo. Zaburi 20 na Zaburi 44 zinawafundisha mseme naye nini, na mumtendee nini?

3. Kwa nini masimulizi ya Biblia hayakuficha kwamba Hezekia aliibandua dhahabu ya hekalu? Hilo linampa tumaini gani aliyekwisha kufanya vivyo hivyo?

4. Mgeni akija nyumbani kwako na kukuuliza umefikaje hapa ulipo, utamwonyesha nini kwanza?