Bei Isiyopungua

Ni ipi iliyo bei ya haki: ile iliyoandikwa mara moja kwa watu wote, au ile ambayo watu wawili wameizungumza mpaka wakapatana? Swali hili halikunijia nikiwa nimekaa na kitabu. Lilinijia kwenye foleni ndani ya Mlimani City, Dar es Salaam, ambako mjukuu wangu anayesoma Chuo Kikuu jirani na hapo alinipeleka Jumamosi moja ili, kama alivyosema mwenyewe, "babu utembee mahali pasipo na jua."

Tulitembea kweli. Mahali hapo palifunguliwa mwaka 2006 juu ya ardhi ya Chuo Kikuu, na kwa mtu wa rika langu pana raha yake. Sakafu ni laini, kiyoyozi kinapuliza, na hakuna bodaboda wa kukupigia honi mgongoni. Tuliingia duka la viatu tukatoka, tukaingia la vyombo tukatoka, na katika duka la simu mjukuu alinieleza mambo ambayo niliyaitikia kwa adabu tu. Hakuna aliyetuuliza tumekuja kununua nini. Nasema si jambo dogo hilo. Katika utoto wetu yalikuwapo maduka mjini ambayo mtu wa kawaida aliyapita bila hata kugeuza shingo, maana alijua hayakufunguliwa kwa ajili yake.

Mwisho tukaenda supamaketi kununua sukari na majani ya chai. Mbele yetu kwenye foleni alikuwapo mzee mwenzangu, amevaa kanzu na koti. Keshia alipomaliza kujumlisha, ikaonekana fedha za mzee zimepungua shilingi 1,500. Akafanya kile ambacho yeyote kati yetu angefanya. Akatabasamu, akasema, "Nipunguzie, binti yangu, hiyo iliyobaki nisamehe." Binti akacheka kwa heshima, wala si kwa dharau. "Babu, mimi ningependa, ila mashine haikubali."

Basi mzee akarudisha pakiti moja ya biskuti. Nayo kumbe haikuwa kazi rahisi, kwani kitu kikishaingia katika hesabu, keshia hawezi kukitoa mpaka aje msimamizi na ufunguo wake. Tukasubiri. Msimamizi hakuonekana. Mjukuu wangu akanyoosha mkono akalipa zile 1,500, mzee akamwombea dua ndefu, na foleni ikasogea. Tulipofika nje nikampongeza kwa huruma yake. Akanijibu, "Huruma gani, babu? Miguu ilikuwa inaniuma."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilizungusha neno lile, mashine haikubali.

Mama watoto, nilipomsimulia, hakuhitaji kutafakari. Yeye ni fundi wa kupatana bei, na Kariakoo alikuwa akienda kama mtu aendaye kwenye ngoma ya kwao. Kwanza salamu, kisha habari za watoto wa muuzaji, kisha anashika kitenge kana kwamba kimemchukiza, ndipo anauliza bei. Akitajiwa, anaondoka. Akiitwa, harudi mara moja. Hoja yake ni kwamba maskini hana silaha nyingine sokoni isipokuwa ulimi, na bei ya kubandika imemnyang'anya hata huo.

Ni hoja nzito, lakini nina ushahidi wa kuipinga. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na kila mwaka niliwapokea vijana waliotoka vijijini kwa mara ya kwanza. Walirudi kutoka mjini na shati la bei ya mashati mawili. Walikuwa na ulimi, ila ulikuwa mzito kwa aibu na kwa lafudhi ya nyumbani, na muuzaji alikwisha kuwasoma kabla hawajafungua kinywa. Kwa hiyo silaha ile ya mama watoto haikugawiwa sawa. Mjukuu naye ana lake. Anasema kwamba msichana akipatana bei sokoni hulazimika kuvumilia kushikwa mkono na kuitwa mchumba, na kwamba mbele ya bei iliyobandikwa yeye hupumzika. Hilo sikupata kulifikiria katika miaka yangu yote, na sina jibu lake.

Wapo waliofikia uamuzi huo zamani kwa njia ya dini. Marafiki, yaani Quakers, ambao wenzetu wa magharibi mwa Kenya wanawajua tangu walipofika Kaimosi mwaka 1902, walianza Uingereza katika karne ya 17, na wafanyabiashara wao wakakataa kupatana bei. Walisema kutaja bei ambayo huna nia ya kuisimamia ni uongo, na uongo ni dhambi hata dukani. Baadaye wafanyabiashara wengine wakagundua kwamba ukweli huo una faida pia. Aristide Boucicaut, aliyeingia ubia katika duka la Bon Marché la Paris mwaka 1852, aliandika bei kwenye bidhaa na kumruhusu kila mtu aingie atazame bila kulazimika kununua. Ile starehe yetu ya Jumamosi ilianzia huko.

Nasi tulikuwa na bei moja kwa wote, tena kwa sheria. Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi bei za bidhaa chungu nzima zilipangwa na serikali. Nia ilikuwa njema, sitaki vijana waidhihaki. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika, nilikuwa mkufunzi kijana na niliyaona kwa macho yangu. Bei haikupinda, kwa hiyo sukari ndiyo iliyopinda. Ilipita mlango wa nyuma, ikaenda kwa aliyemfahamu mwenye duka, hata baada ya msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Mwalimu mgeni wilayani alikuwa na haki ya bei ya chini kabisa ya kitu ambacho hakikuwapo.

Mambo hayo yalinifundisha kuziogopa kanuni zinazopinda. Siku ya kufungua chuo kwetu, mwisho wa kuripoti ulikuwa saa kumi na mbili jioni. Nilijua kwamba nikilegeza, atakayefaidi kwanza si yule aliyecheleweshwa na mafuriko, bali yule ambaye mjomba wake ananifahamu. Hata hivyo aliyekwama njiani alikuwa na mahali pa kwenda. Alikuja ofisini, akasimama mbele ya meza yangu, akaeleza. Nilikubali mara nyingine na kukataa mara nyingine, lakini aliyesema naye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kukubali.

Hapo ndipo naona tofauti na foleni ile, na si katika bei. Muuzaji wa kitenge Kariakoo anaweza kukudanganya kwa sababu mali ni yake, na kwa sababu hiyo hiyo anaweza kukuongeza nyanya mbili juu ya fungu au kukuambia, "Nenda, mama, utaniletea kesho." Keshia hana uwezo wa kukudanganya hata akitaka, wala wa kukusamehe. Fedha zikipungua jioni, kwa kawaida yeye ndiye hutakiwa kueleza. Mwenye kuweza kusamehe shilingi 1,500 hayumo katika jengo, wala hakuna meza ambayo mzee yule angesimama mbele yake akaeleza. Yawezekana ni bei ya haki tupu. Ninachouliza ni kama yupo mtu upande wa pili.

Mtaani kwetu Mangi bado ana daftari la madeni, kurasa zake zimeota mafuta ya taa. Mwanawe aliyesomea biashara anamhimiza anunue mashine ya kuhesabu mauzo, na juzi Mangi aliniuliza mimi, kwa kuwa ni mwalimu, kama mashine hiyo ina mahali pa kuandika "atalipa mwisho wa mwezi." Nikamwambia amuulize mwanawe. Akasema amekwisha kumuuliza, na kijana amemjibu kwamba pakihitajika patatengenezwa.