Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu usemi huu hutumiwa kumkumbusha mgeni kwamba kula bila kutoa jasho si ada yetu. Lakini unayo maana ya pili ambayo husahauliwa. Anayepewa jembe hahesabiwi tena kuwa mgeni. Ameingizwa katika hesabu ya wenyeji. Anayo sehemu yake katika kazi, na kwa hiyo anayo sehemu yake katika chakula na katika shauri. Swali ninalotaka tulitafakari, walimu na wanafunzi, ni hili: katika bustani za shule zetu, ni nani aliyepewa jembe, na ni nani aliyeachwa kuwa mgeni?

Nianze na niliyoyaona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilisoma katika shule moja ya msingi wilayani Bariadi, wakati huo ikiwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Tulikuwa na shamba la pamba na bustani ya mboga. Aliyechelewa namba alipelekwa kulima. Aliyepiga kelele darasani alipelekwa kumwagilia maji. Mavuno yalipopatikana, hatukujua yalikokwenda. Darasani mwetu alikuwamo kijana ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umedhoofishwa na polio. Kila tulipokwenda shambani, yeye aliambiwa akae chini ya mkwaju alinde madaftari, nasi tulimwonea wivu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba sote tulifundishwa vibaya: sisi tulifundishwa kwamba ardhi ni adhabu, naye alifundishwa kwamba hana kazi duniani.

Hayo hayakuwa makusudi ya Elimu ya Kujitegemea. Katika kijitabu chake cha mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe jumuiya inayojifunza na kuzalisha, ambamo wanafunzi hushiriki kupanga kazi yao na kuyaona manufaa ya jasho lao. Jembe likigeuzwa fimbo, jina la elimu hubaki, lakini roho yake imekwisha kutoka. Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe amepelekwa shule kusoma wala si kulima, ana haki ya kulalamika pale ambapo kulima hakuna somo ndani yake.

Somo lenyewe lipo, wala halihitaji kutafutwa mbali. Wasukuma wana desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, majani na miti vikaachwa vikue, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali na mifugo haina pa kula. Miti mingi ya nchi hii ilikatwa ili kuwafukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na ngitili zikapungua mno. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na kufikia hadi Bariadi, Maswa na Meatu, ulifanikiwa kwa sababu uliirejea desturi hiyo badala ya kuidharau. Kufikia mwaka 2004 ngitili zilizorudishwa zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Mwanafunzi anayefunga kipande kidogo nyuma ya darasa na kuandika katika daftari majani gani yameota, mwezi gani, baada ya mvua kiasi gani, anasoma sayansi, hesabu na historia kwa pamoja. Zaidi ya hayo, anajifunza kujizuia leo kwa ajili ya darasa litakalokuja baada yake.

Sasa turudi chini ya mkwaju. Kumhurumia mtu si sawa na kumshirikisha. Huruma ilimpa mwenzetu kivuli ikamnyima nafasi. Tuta likiinuliwa kufikia kimo cha kiti, aliyeketi atapanda mchicha sawa na aliyesimama. Asiyeona anaweza kutofautisha kwa vidole udongo wa kichanga, uitwao luseni, na udongo mweusi wa mbuga, pengine kwa uhakika kupita mwenye macho. Mtoto mwenye ualbino afanye kazi alfajiri au kivulini, avae kofia pana na mikono mirefu, kwa maana jua la Bariadi humdhuru kweli. Kanda hii imekwisha kushuhudia watu wenye ualbino wakiwindwa na kuuawa kwa ajili ya imani za kishirikina. Mtoto huyo anapotia mbegu ardhini bega kwa bega na wenzake, na mboga zake zikaliwa na wote, ushirikina unajibiwa kwa tendo, nalo tendo hukaa moyoni kuliko hotuba. Nao wasichana wasiachiwe peke yao mzigo wa ndoo za maji, ati kwa kuwa ndivyo ilivyo nyumbani.

Kwa hiyo, mwalimu aipimaye bustani yake asihesabu matuta tu. Na ajiulize: nani alishauriwa? Nani alikaa pembeni? Nani alikula? Na ardhi tumeiacha katika hali gani? Maswali hayo manne ni swali moja, kwani moyo unaoichosha ardhi na kuitupa ndio unaomtazama mtu dhaifu na kumwona hafai.

Siku moja mwalimu wetu alikuwa na udhuru, tukaenda shambani wenyewe. Mistari ilitushinda, ilikwenda upande kama njia ya ng'ombe. Ndipo mmoja wetu akamwita yule kijana, tukampa kamba na vigingi. Aliketi mwisho wa shamba, akaivuta kamba, akatuamuru: wewe sogea, wewe rudi. Mistari ikanyooka. Jioni hiyo tulirejea pamoja, na madaftari kila mtu alibeba lake.