Nani Amvike Pete Msafisha Majitaka?

Wahenga walisema, Chanda chema huvikwa pete. Tena walisema, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mithali hizi mbili zimekaa katika kinywa kimoja tangu zamani, na desturi yetu ni kuitumia ile itufaayo siku hiyo, ya pili tukaisahau. Leo yafaa tuziweke zote mbili mezani, kwa ajili ya watu ambao sifa zao hazisikiki sana, yaani wale wanaosafisha majitaka ya miji.

Msomaji wa Ringwani aweza kuuliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi wenye vyoo vya shimo?" Latuhusu. Dagaa tunaowala hutoka Ziwa Victoria, na ndugu zetu wa Musoma hunywa maji ya ziwa hilo hilo. Mji wa Mwanza nao umekaa ukingoni mwake, na majitaka yake hupelekwa kwenye mabwawa ya Butuja, Ilemela, yapate kusafishwa kabla ya kuachwa yaende zake. Kwa hiyo yuko mtu pale ambaye hatujui sisi wala sisi hatumjui, naye hufanya kazi ambayo sehemu ya faida yake hutufikia mezani.

Mabwawa ya namna hii yafanya kazi hivi. La kwanza lina kina kirefu. Humo taka nzito huzama, na vijidudu visivyotaka hewa huzila. La pili huwa la kijani, maana mimea midogo mno huota humo, nayo kwa nguvu ya jua hutoa oksijeni, na vijidudu vya aina nyingine huitumia hewa hiyo katika kuendelea kuula uchafu. La mwisho ni la kina kifupi, jua hupenya, na vijidudu vya maradhi hufa. Safari hiyo huchukua siku nyingi. Basi mtu asiyejua husema, "Kumbe kazi yote ni ya jua!" Sivyo. Lazima awepo wa kuondoa nguo, chupa na mchanga penye wavu. Wa kufyeka majani kingoni ili mbu wasipate makao. Wa kutoa tope bwawa lijaapo. Na wa kuchota maji na kuyapima. Kiwango cha Tanzania chataka maji yanayotoka yasiwe na uchafu wa kumaliza oksijeni kupita miligramu 30 kwa lita. Kwa macho, maji yenye 25 na maji yenye 60 yaweza kufanana.

Hapo ndipo penye fumbo la kazi hii. Mwashi akifanya vema, nyumba husimama, watu wakaitazama. Mkulima akifanya vema, ghala hujaa. Lakini msafisha majitaka akifanya vema, hakuna kinachotokea. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi, na kabla ya mwaka 2016 kwisha watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua. Waliowauguza walishukuriwa, na ilikuwa haki. Lakini ni nani awezaye kuwahesabu wale wasiougua, na kusema, "Huyu na huyu wako hai kwa sababu fulani hakulala zamu yake"?

Wako wasemao kwamba mtu huyo amefanya wajibu wake tu, na mshahara ndio shukrani yake. Neno hili lina nguvu, lakini halitoshi. Mshahara hulipa saa zake. Hauwezi kulipa ukweli wake. Mpimaji aliye peke yake alfajiri, mvua ikinyesha, aweza kukaa ndani na kuandika hesabu ya jana katika daftari ya leo, na huenda miezi ikapita kabla ya mtu kujua. Asiyefanya hivyo ametupa kitu ambacho hatukukinunua. Na kitu cha namna hiyo hulipwa kwa heshima, kwa kuwa hakina bei nyingine.

Lakini sasa yaja mithali ya mgema. Siku hizi EWURA, chombo cha serikali kinachosimamia huduma za maji, hutoa kila mwaka taarifa inayozipanga mamlaka za maji za miji kwa utendaji wao. Ni jambo jema, maana asiyepimwa hujisifu mwenyewe. Ila mahali popote sifa inapofuata tarakimu, tarakimu hupata kishawishi. Kwa sababu hiyo anayesifiwa asiwe yeye yule aliyeshika kipimo. Maji yachotwe na mkono mwingine, tena siku isiyotangazwa. Huko si kumdharau mfanyakazi. Mwaminifu ndiye wa kwanza kufurahi akipimwa na mwingine, kwa sababu asiyepimwa hufanana na mwongo.

Tena sifa iulize maji yamekwenda wapi. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata wabunge wa London wakashindwa kuvumilia. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya chini kwa chini, na mwaka 1875 akapewa cheo na Malkia. Alistahili. Hata hivyo uchafu ule haukusafishwa. Ulimwagwa mtoni chini ya mji. Mwaka 1878 meli ya abiria, Princess Alice, ilizama karibu na mahali ulipomwagwa, wakafa watu zaidi ya 600, na waliookoka walisimulia ubaya wa maji yale. Tena vibarua walioshika sululu hawakupewa cheo chochote. Pete imezoea kwenda kwenye chanda kilicho juu.

Kwetu nako yatazame mambo. Dar es Salaam wako watu waingiao kwa miguu yao katika mashimo ya vyoo, mahali ambapo gari la kunyonya haliwezi kupita, wakatapisha choo kwa ndoo. Watu huwaita vyura. Hufanya kazi hiyo usiku, wengi bila viatu vya mpira wala glavu, na mchana hawapendi kujulikana. Kazi yao na ya yule wa bwawani ni moja, kuwatenga watu na kinyesi chao. Ila mmoja tumempa mshahara na kipimo, na mwingine tumempa jina la mnyama. Sioni jinsi tunavyoweza kumpigia makofi mmoja jukwaani hali tumemziba pua mwenzake njiani. Heshima ya kwanza ya chura ni viatu, glavu na sindano ya kinga ya pepopunda. Cheti chaweza kungoja.

Na sisi walimu tusijifiche nyuma ya miji. Katika shule nyingi mtoto akichelewa kengele, adhabu yake ni kuosha choo. Aliyewahi hupewa kalamu, aliyekosa hupewa ufagio. Kwa miaka yake yote ya shule mtoto huyo ajifunza, bila sisi kulitamka, kwamba usafi wa choo ni fungu la wakosaji. Kisha twashangaa akiwa mtu mzima na kumcheka mwenye kazi hiyo. Shule inaweza kuanza kesho, bila fedha. Orodha ya zamu ibandikwe ukutani, jina la kiranja likiwa la kwanza na la mwalimu wa zamu chini yake, na aliyechelewa apewe adhabu nyingine.