Nielezee Ngolo kwa Kiingereza

Mjukuu wangu, nimesikia unataka kwenda Uingereza kusomea usanifu wa grafiki. Nimefurahi. Jina ulilochora ubavuni mwa boti ya baba yako mdogo pale Liuli nimelitazama sana: ile S umeiinamisha kidogo, ikafuata mkunjo wa ubao. Jicho unalo. Chuo kitataka kuona kazi zako, lakini kitadai pia cheti cha Kiingereza, na hapo ndipo vijana wetu wengi hukwama.

Usijitulize kwamba sekondari umesoma kwa Kiingereza. Waingereza wana orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi mtihani wa lugha kwa ajili ya viza, Tanzania haimo. Ulizia kwanza chuo chako kinataka mtihani upi na alama ngapi, ndipo ulipe. Wengi hufanya IELTS, ambayo alama zake huishia 9, na vyuo vingi vya sanaa hutaka 6 au 6.5. Matokeo hudumu miaka 2 tu, kwa hiyo usikimbilie. Na pasipoti yako iseme Petro au Peter, jina moja tu, ndilo utakalojiandikishia.

Ninachokihofia zaidi ni kuzungumza. Kwenye IELTS utapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujipanga, kisha useme peke yako hadi dakika 2. Binamu yako alikuwa amekariri majibu. Mada ikawa nyingine, akasema sentensi mbili akanyamaza. Kiingereza alikuwa nacho. Hakuwahi kukisemea mambo ya kwao.

Basi wewe anza na ngolo za bibi yako, yale mashimo ya shambani mteremkoni. Eleza jinsi majani yanavyofyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatizana mpaka mteremko wote unakuwa miraba. Udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani, na mashimo yanayobaki yanashika maji ya mvua ili yasibebe shamba. Ukikosa neno, lizunguke kwa maneno uliyonayo, usisimame. Huo nao ni usanifu, na hakuna kitabu cha mazoezi kitakachokupa mada unayoijua kuliko hiyo.

Jumamosi panda Mbinga mapema. Tutasimama juu ya shamba, mimi nitashika saa.