Shimo Lina Uzito

Wanafizikia wana neno ambalo mchimbaji wa Geita angelielewa bila mkalimani: shimo. Mwanga ukipiga fuwele ya semikondakta, elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Pengo hilo hawalipuuzi. Hulihesabia chaji chanya na uzito wake, nalo huivuta ile elektroni iliyoondoka. Zikishikana, elektroni na shimo lake huitwa eksitoni. Katika fuwele za tabaka nyembamba, kama molibdenaiti, mshiko huo ni mkali sana, ila ni wa muda mfupi mno. Ili kuuona, maabara hutumia mipigo miwili ya leza: wa kwanza huamsha, wa pili huchungulia femtosekunde chache baadaye. (Femtosekunde ingekuwa ndefu kama sekunde, sekunde yetu ingechukua zaidi ya miaka milioni 31.)

Uangalifu wote huo, kwa shimo lisiloonekana! Nashangaa jinsi tunavyoyatazama mashimo yetu, yanayommeza mtu mzima, kana kwamba ni mahali ambapo kitu kimeisha tu. Katika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa 2019, kilichotoka ardhini hupimwa kwa gramu na pointi zake. Duara kilikotoka halimo kwenye mizani. Rashi ikihamia kwingine, matimba huoza, mvua hujaza maji, na wa kwanza kulikumbuka lile shimo ni mbuzi na watoto.

Oktoba 2015 ardhi iliporomoka katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, mkoani Shinyanga. Wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41. Mwenzao mmoja alifia humo. Walikuwa wakila mizizi, mende na vyura. Siku zote hizo, kwa mtu aliyesimama juu, pale palikuwa kifusi tu.

Najua mfano wangu una mwisho. Elektroni ikirudi shimoni, eksitoni hukoma, na pengine mwanga hutoka. Dhahabu hairudi. Hata hivyo nashikilia kwamba kilichoondolewa na pale kilipoondolewa ni hesabu moja, na anayechukua upande mmoja tu amekula cha mtu. Mgodi mkubwa angalau unadaiwa mpango wa kufunga na kurekebisha ardhi. Duara linalochimbwa usiku na kuachwa asubuhi, anayelifukia, kama litafukiwa, ni mwenye shamba, kwa jembe lake la mahindi.