Jiwe Lirudilo Bondeni

Mwaka 1942 Albert Camus, mwandishi Mfaransa aliyezaliwa Algeria, alitoa kitabu juu ya Sisyphus, mtu wa hadithi za Wayunani. Huyu alihukumiwa kusukuma jiwe mpaka kilele cha mlima. Nalo likifika juu huporomoka, naye hushuka kulianza tena, milele. Camus aliuliza: Ikiwa maisha hayana maana, je! mtu ajiue? Akajibu, La! Na aishi, aujue mzigo wake, wala asishindwe. Hata katika kusukuma kule imo furaha.

Tusimcheke. Mhubiri naye alizitazama kazi zote chini ya jua, akaziona kuwa ubatili. Nawe mwalimu, uliyefundisha miaka mingi na wanafunzi wako wametawanyika, jiwe hilo unalijua.

Lakini Camus alimwona Sisyphus peke yake mlimani. Sisi twamjua Mmoja aliyepanda Golgotha na mzigo wetu. Na jiwe la kaburi lake liliviringishwa, lisirudi tena. Kwa hiyo Paulo awaambia Wakorintho ya kuwa taabu yao katika Bwana si bure.

Basi, kesho shuka bondeni, ulishike jiwe lako. Hutakuwa peke yako huko.