Deni Lisilo na Stakabadhi

Katika miji kadhaa ya Marekani, Chicago ukiwa mmojawapo, watu hukutanika mchana katika ukumbi wa hoteli, wakala, wakamsikiliza mzee aliyenusurika Maangamizi ya Wayahudi au, wazee wanavyozidi kupungua, mwanawe ama mjukuu wake. Kisha huchanga fedha kwa ajili ya Jumba la Makumbusho ya Maangamizi lililoko Washington. Shughuli ni njema, lakini ina jambo linalokwaruza moyo: walioshiba wamekaa mezani kuwakumbuka watu ambao wengine wao waliuawa kwa njaa. Mwaka 1941 mgawo rasmi wa chakula wa Myahudi katika geto la Warszawa, Poland, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, haukufika kalori 200 kwa siku. Je, inafaa kuutaja mgawo huo huku sahani zikipita?

Mtu aweza kujibu kwamba mlo nao hubeba kumbukumbu. Sisi wa pwani tunaijua hitima, ambapo watu humsomea marehemu kisha wakala pamoja. Wayahudi nao, usiku wa Pasaka yao, hula mboga chungu na mkate usiotiwa hamira ili watoto waulize habari za utumwa wa Misri. Ni kweli, ila halinitoshi jibu hilo. Mboga chungu huliwa ili uchungu uonjwe. Mlo wa hotelini huandaliwa ili mgeni astarehe na kufungua mkono.

Swali hili nalipeleka kwa Rachel Auerbach, mwandishi wa lugha ya Kiyidi. Vita vilipoanza mwaka 1939 alitaka kuondoka Warszawa. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum akamwomba abaki asimamie jiko la kugawa supu katika mtaa wa Leszno. Akabaki. Humo aliwaona waliotegemea supu ile peke yake wakidhoofika siku hadi siku, wakafa. Jiko lilichelewesha kifo tu, naye alilijua hilo, na bado aligawa. Tena aliandika, kwa kuwa Ringelblum alikuwa akikusanya kwa siri habari za maisha ya geto. Nyaraka hizo zilifukiwa ardhini, sehemu ya kwanza ndani ya masanduku ya bati mwaka 1942, ya pili ndani ya madebe ya maziwa mwaka 1943. Ringelblum aliuawa mwaka 1944. Auerbach alinusurika, akasisitiza zichimbuliwe. Septemba 1946 masanduku yalipatikana chini ya kifusi, karatasi zikiwa zimelowa maji.

Mkono wake uleule uligawa chakula na kuandika kumbukumbu, na kazi zote mbili zilihitaji fedha. Huwa tunaisema kumbukumbu kana kwamba hukaa moyoni bure. Karatasi iliyolowa haijikaushi, ushuhuda wa Kiyidi haujitafsiri, na mwalimu lazima afundishwe namna ya kulisimulia jambo zito hivi kwa watoto. Bunge la Marekani liliidhinisha jumba la Washington mwaka 1980 na serikali ikatoa ardhi. Jengo lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1993, lilijengwa kwa michango ya watu.

Basi mlo na uliwe. Hofu yangu iko kwenye stakabadhi. Anayelipa bili huondoka huru, na mchango waweza kumfanya mtu ajione hivyo: nimetoa, nimemaliza. Lakini deni tulilo nalo kwa waliouawa halina mdai aliye hai wa kutuambia yamekwisha. Fedha humlipa mhifadhi, mfasiri na mwalimu, deni haliguswi. Anayetoa akijua kwamba anachotoa hakitoshi ndiye ninayemwona karibu na yule mama wa Leszno, maana naye alijaza bakuli akijua.

Auerbach angeweza kusema baada ya vita kwamba yake ameyatimiza, na nani angembishia? Alihamia Israel mwaka 1950, na kuanzia 1954 akaongoza idara ya kukusanya ushuhuda ya Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya Maangamizi, huko Tel Aviv, akiwafuata walionusurika na kutaka wasimulie.